Hakimu Aliyekataa Msamaha

Jumamosi chumba cha Brigitte hakina pa kupita. Kiko Bellevue, Johannesburg, ndani ya nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vingi. Brigitte ni Mkongo wa Lubumbashi na kazi yake ni kusuka nywele. Wateja hukaa kitini na kitandani. Mume wake Placide, ambaye ni mlinzi, hukaa popote panapobaki. Jumamosi moja alikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa, anakunywa chai.

Aliyekuwa akisukwa ni Moraa, jirani yao kutoka Kenya. Moraa ni mwanasheria. Siku hizi anafundisha chuo kikuu, lakini zamani alifanya kazi katika mahakama za Ushelisheli, nchi ndogo ya visiwa katika Bahari ya Hindi.

Simu ililia. Alikuwa Elisée, mdogo wake Brigitte, fundi wa vigae. Yeye alikuwa huko huko Ushelisheli, akifanya kazi ya ujenzi. Mikono ya Brigitte ilijaa mafuta ya nywele, kwa hiyo aliweka simu kwenye spika na wote wakasikia.

"Yaya," alisema Elisée. Kwao ndivyo mtu anavyomwita dada yake mkubwa, na "wanasema" kwao ni "banasema". "Yaya, niko naogopa sana. Banasema niliiba mashine ya kukata vigae. Polisi balinikamata, balinipeleka mbele ya hakimu."

Vidole vya Brigitte vilisimama. "Uliiba?"

"Hapana, yaya! Mungu ananiona."

"Sasa hakimu alisema nini?"

"Nilimwomba pardon. Akaniuliza, pardon ya nini? Nikaomba tena, nikainama. Akakataa! Akasema nirudi Jumanne. Baliniachilia kwa dhamana, niko nyumbani nangojea kesi. Lakini pasipoti balibaki nayo."

"Eish!" Placide aliruka, chai ikamwagika. "Hakimu gani anakataa msamaha? Huyo roho yake ni jiwe!"

Msomaji, usimcheke Elisée wala Placide. Katika familia yao, ukiitwa mbele ya mkubwa, neno lako la kwanza ni pardon. Unaomba msamaha hata kama huna kosa. Ni heshima tu, kama kuvua kofia. Anayeanza kwa kujitetea huonekana hana adabu.

"Sikia, shemeji," Placide alisema karibu na simu. "Jumanne upige magoti. Lia kidogo. Sisi huku tutafunga na kuomba, moyo wake ulainike."

Moraa aligeuka. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimesimama kila upande. Lakini hakuna aliyecheka, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa mkali.

"Papa Placide, hapana! Ukimwambia hivyo unampeleka jela!"

Aliisogelea simu.

"Elisée, mimi ni Moraa, jirani wa dada yako. Nisikilize. Huyo hakimu hakukukasirikia. Amekuokoa."

"Kuniokoa namna gani, mama?"

"Mahakamani mshtakiwa huulizwa kwanza: unakubali kosa au unakana? Ukijibu 'nisamehe', unaonekana umekubali. Hakimu mwenye haraka angeweza kuandika kwamba umekubali, akakuhukumu siku ile ile. Huyu aliona hujaelewa swali. Waliongea lugha gani?"

"Kiingereza na Kikrioli chao. Kifaransa changu nacho ni cha kuokota."

"Basi ndiyo sababu akasimamisha kesi."

Elisée akauliza polepole, "Alisimamisha kesi kwa sababu yangu mimi?"

"Kwa sababu yako. Mtu hahukumiwi kwa lugha asiyoielewa. Jumanne omba mkalimani wa Kiswahili. Hulipi kitu, mahakama ndiyo inayomtafuta. Hata hapa Afrika Kusini ni hivyo hivyo. Na kama huna uwezo wa wakili, sema. Unaweza kuomba wakili anayelipwa na serikali."

Placide alikuwa bado ana wasiwasi. "Mama Moraa, nchi yenyewe ni ndogo. Wote si wanajuana? Mgeni atapata haki wapi? Hiyo si kesi ya nyani unampelekea ngedere?"

"Ni ndogo kweli. Watu wake ni laki moja na kidogo. Ukitaja jina la mtu sokoni, aliye karibu nawe ni binamu yake. Wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana baadhi ya majaji wao huwaomba kutoka nchi nyingine, waje kukaa na majaji wenyeji kwenye kiti cha hukumu. Na hakimu akiona kesi inamgusa ndugu yake, anatakiwa ajitoe, aletwe mwingine."

"Subiri," alisema Placide. "Nchi nzima inamwambia mgeni, sisi tunajuana mno, njoo utusaidie kuamua?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Moraa alijibu.

Placide alikaa tena juu ya ndoo yake. Brigitte naye alishangaa mpaka akasahau nywele. Maishani mwake alikuwa ameona wakubwa wengi. Hakuwahi kusikia mkubwa akisema, "Hili limenigusa, mwiteni mwingine." Na nchi nzima kusema hivyo!

"Na hakimu akikosea?" aliuliza.

"Juu yake kuna Mahakama Kuu. Juu ya hiyo kuna Mahakama ya Rufani. Mtu asiyeridhika anakata rufaa. Siahidi kwamba Elisée atashinda. Lakini mashtaka si hukumu. Anayemshtaki ndiye atakayeleta ushahidi."

Sasa ilibaki kazi ngumu zaidi, na ilikuwa ya Brigitte. Alivuta pumzi.

"Elisée, umesikia? Jumanne usiombe pardon."

"Yaya, mbele ya mkubwa niseme hapana? Mama angesemaje?"

"Mama alitufundisha heshima, hakutufundisha kujitia kosa. Simama wima. Ngoja zamu yako. Mwite Mheshimiwa. Heshima iko hapo. Kisha sema ukweli: sikuiba."

"Sikuiba," Elisée alijaribu. Sauti ilikuwa ndogo.

"Tena."

"Mheshimiwa, sikuiba."

Jumanne Elisée alipewa mkalimani, Mtanzania anayeishi kisiwani. Alipewa pia wakili. Alipoulizwa alikana kosa, na kesi ikapangiwa siku ya kusikilizwa. Wiki zilipita. Brigitte alikonda kwa mawazo. Alijua mdogo wake akifungwa atarudi nyumbani na jina la mwizi, na jina hilo halifutiki kwa sabuni.

Siku moja, wakati akimsuka mteja mwingine, simu ililia. Elisée alikuwa analia.

"Yaya, niko huru! Wakili aliuliza, nani alimwona na mashine? Hakuna. Ufunguo wa stoo ya mashine ulikuwa na nani? Mimi sikuwahi kuushika. Hakimu akasema ushahidi hautoshi. Pasipoti bamenirudishia."

"Mungu asifiwe! Sasa unalia nini?"

"Yaya, hakimu alisoma uamuzi, mkalimani akaniambia. Nikabaki nimesimama tu, sikuamini. Hakimu akaniangalia. Akamwambia mkalimani arudie polepole, mpaka nielewe. Bote bakanyamaza. Wakili, polisi, karani, hakimu mwenyewe. Hakuna aliyetoka. Baliningojea mimi, fundi wa vigae."

Brigitte aliketi sakafuni katikati ya vipande vya nywele na akalia wazi wazi. Mteja wake alingoja bila kunung'unika.

Siku nzima kila aliyeingia mlangoni alipewa habari hiyo kabla hata ya kusalimiwa.

"Balimungojea," Brigitte aliwaambia. "Mahakama yote ilimungojea ndugu yangu, mpaka aelewe."