Tunauliza Kabla ya Kukata

Fedha za korosho zilikuwa zimeingia, na Lindi nzima, pamoja na watu walioshuka kutoka Rondo kwa basi la asubuhi, ilikuwa imekumbuka kwamba inahitaji nguo mpya. Duka la Bi Mwanaheri lilifurika. Wanawake walisukumana mbele ya kaunta wakinyoosha mikono kuyashika majora ya vitenge. Feni ya darini ilizunguka bila kumpoza mtu. Harufu ya wanga na rangi ya vitambaa vipya ilichanganyika na jasho na marashi.

Nyuma ya kaunta alisimama Nusaiba, ushungi wa rangi ya bizari kichwani, futi ya kupimia shingoni, mkasi mkononi.

"Nimekwambia yadi thelathini," alisema Stefania, mwanamama mnene wa Rondo. "Ni sare za kwaya."

"Mko waimbaji wangapi, mama?"

"Kumi na wawili."

"Na wote wana umbo kama lako?"

Duka zima likaangua kicheko. Stefania akajishika kiuno. "We binti, unanitukana?"

"Nakuuliza kabla sijakata. Nikikata pungufu, kuna mwenzako ataimba na gauni lisilo na mikono."

Stefania akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Haya, kata thelathini na sita. Na uache kunitazama kiuno."

Ukutani, nyuma ya Nusaiba, kilining'inia kibao alichokiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: TUNAULIZA KABLA YA KUKATA. Alikitundika wiki ya kwanza ya kazi, baada ya kumaliza chuo na kukaa nyumbani mwaka mzima akisubiri ajira. Bi Mwanaheri, mwenye duka, alikicheka. Lakini ugomvi wa pale kaunta ulipungua, naye akakiacha.

"Na mimi utaniuliza nini?" ilisema sauti ya kiume.

Nusaiba akainua macho. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Mikononi alikumbatia furushi lililofungwa kwa kanga kuukuu, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Nitakuuliza kama umepotea njia. Vinyozi wako upande wa pili."

"Nimeambiwa kuna mtu hapa anashona mifarishi ya vipande vipande."

"Umefika. Una vitambaa vyako, au nikutafutie?"

Kijana akaliweka furushi juu ya kaunta, taratibu. "Ni kanga za marehemu mama. Dada yangu na shangazi zangu wamegawana zao. Hizi nimepewa mimi, na mimi sina pa kuzivaa. Zikikaa sandukuni zitaliwa na mende. Nataka nijifunike."

Mzaha ukamwisha Nusaiba. Akavuta daftari. "Jina?"

"Saad. Nafundisha hesabu Kiranjeranje."

"Basi, Mwalimu Saad, nieleze. Ipi alikuwa anajitanda? Ipi alikuwa anafunga jikoni? Ipi asingeiazima hata kwa dada yake?"

Saad alikuwa amejiandaa kuulizwa upana na urefu. Haya hakuyategemea. Alisimama pale nusu saa akisimulia, huku wateja wakipita ubavuni mwake, na alipoondoka Nusaiba alikuwa na kurasa mbili za maelezo na namba ya simu. Alijiambia namba hiyo ni ya kazi.

Jioni ya kesho yake akapiga.

"Mwalimu, hii ya zambarau iwe katikati au pembeni?"

"Umeshakula?"

"Hilo halihusu zambarau."

"Katikati. Alikwenda nayo kila harusi. Umeshakula?"

"Nimekula samaki na wali wa nazi. Umeridhika?"

"Sijaridhika. Kesho uliza tena kuhusu zambarau."

Ikawa kila jioni kuna rangi ya kuulizia. Kila Jumamosi Saad alipanda basi kutoka Kiranjeranje, akaja kukaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akitazama viraka vinavyoungana. Alikuja na maandazi yaliyopoa njiani, wakala hivyo hivyo. Neno "mwalimu" likaanza kupokezana zamu na "laazizi", kwanza kwa utani, halafu bila utani.

Usiku mmoja Saad aliuliza, "Umefika chini ya furushi?"

"Bado. Kuna nini?"

"Utaona. Ukifika, utaniuliza."

Alhamisi Nusaiba akafika. Chini kabisa ilikuwapo doti mpya ya kanga nyekundu na nyeupe, vipande vyake viwili bado vimeshikana kama vilivyotoka kiwandani. Haikuwa imekatwa wala kupindwa. Nusaiba aliipapasa. Maskini mama wa watu, aliinunua na hakuwahi kuivaa.

Hakupiga simu. Alitaka Saad aje aone mwenyewe. Akainyoosha juu ya kaunta, akaikata katikati ya mstari mweupe, na siku mbili alizipinda zile pindo kwa sindano ya mkono, mishono midogo kama punje za mtama. Alishona akitabasamu, kibao chake mwenyewe kikimtazama mgongoni.

Jumamosi, kabla basi la Kiranjeranje halijafika, aliingia mwanamke wa makamo aliyevaa baibui jeusi. Alikuwa Mwanaasha, dada wa Saad.

"Shikamoo, dada," Nusaiba akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe unayemmalizia ndugu yangu nauli? Nimekuja kukuangalia, na mfarishi niuone."

Akacheka, akaketi. Kisha jicho lake likaangukia ile kanga nyekundu, vipande viwili vilivyokunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine. Kicheko kikakatika.

"Nani ameikata hii?"

Mwanaasha aliinuka, akavishika vile vipande. "Hii haikuwa ya kukatwa! Hii mama aliiweka! Lahaula, mtihani gani huu..." Machozi yakamtoka mbele ya wateja.

Bi Mwanaheri alikuwa amezeekea kwenye biashara. Akasogea haraka. "Pole, Bi Mwanaasha. Lakini ilikuja hivyo hivyo, tayari imekatwa. Sisi tumepinda tu. Sivyo, Nusaiba?"

Akamtazama Nusaiba kwa jicho la kumwambia: kubali, yaishe.

Na yangekwisha kweli. Furushi lilifungwa msibani, kila mtu akiwa na machozi. Nani angeapa kwamba doti ilikuwa nzima? Nusaiba aliona mlango umefunguliwa na njia nyeupe. Aliiona kazi yake, na Saad akishuka kwenye basi na maandazi yake. Ulimi ulikuwa mzito kama uliofungwa jiwe.

"Hapana, dada," alisema. "Ilikuja nzima. Nimeikata mimi, na sikuuliza."

Mwanaasha akavirudisha vile vipande kaunta, akajifunika uso, akatoka.

"Umefurahi?" Bi Mwanaheri alifoka. "Mbele ya wateja umenifanya mwongo! Ukweli wako huo siku nyingine kaufungulie duka lako."

Siku hiyo Saad hakufika dukani. Saa tisa alasiri simu ikaita.

"Dada ameniambia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesahihisha karatasi mbovu.

"Ni kweli, Saad. Nisamehe. Nilitaka ukija..."

"Niliiweka chini makusudi, Nusaiba. Unauliza kila kitu, wewe. Nilijua ukifika pale utaniuliza, na mimi ningepata pa kuanzia. Mama aliinunua akiwa mgonjwa, alipojua hataniona nikioa. Alisema hii ataikata mke wangu kwa mkono wake."

Nusaiba alikaa kwenye kigoda. Nje bodaboda zilipiga honi, mtu akicheka.

"Na mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Na wewe ungesema! Umenipa mtihani, mwalimu, hukuniambia hata kama niko kwenye chumba cha mtihani."

"Huenda," Saad akasema. Simu ikakatika. Nusaiba hakujua kama ni mtandao au ni kidole cha Saad.

Jumamosi ya kwanza ikapita, na ya pili. Simu aliyopiga haikupokelewa. Aliyotamani kupigiwa haikupigwa. Nusaiba aliumaliza mfarishi, zambarau katikati, na ile kanga nyekundu hakuigusa. Bi Mwanaheri, ambaye hasira zake hazikuwahi kulala siku mbili, alimvuta pembeni.

"Nimeona doti kama ile kwa muuzaji mmoja wa Kilwa Masoko. Mpya, nzima. Tuiagize, umpe. Kanga ni kanga."

"Atajua, Bi Mwanaheri."

"Atajuaje?"

"Nitamwambia."

Bi Mwanaheri akaguna. "Chuoni walikuharibu." Lakini jioni ile, alipofunga duka, Nusaiba alimwona amesimama mbele ya kibao, akikipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio.

Jumamosi ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Stefania alikuwa amerudi kutafuta vifungo vya sare, anachagua kimoja kimoja. Mlango ukasukumwa. Saad aliingia, shati jeupe limemgandama mwilini, na nyuma yake Mwanaasha akikung'uta mwavuli.

"Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," Nusaiba akajibu. Mikono yake ilitafuta kazi, ikautandaza mfarishi juu ya kaunta. Saad akaweka kiganja juu ya ile zambarau, akakiacha pale.

"Yupo," alisema polepole. "Mama yupo hapa."

Nusaiba akainama chini ya kaunta, akatoa vile vipande viwili vyekundu. "Na hivi ni vyako. Sikuvishona humo. Sina cha kurudisha, Saad. Kilichokatwa kimekatwa. Ninaloweza ni kukwambia nilikosa."

Mwanaasha akavuta pumzi. "Sikia, binti. Nimelia wiki mbili. Nimekuchukia wiki moja. Halafu jana nikajikumbusha: mama alisema mke wa Saad ndiye ataikata. Basi, imekatwa! Sasa mimi nibishane na nani?"

Stefania akaachia vifungo na kupiga kigelegele kilichotetemesha kioo. Bi Mwanaheri akadaka, akapokea. Saad akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akapiga hatua mbele.

"Subirini!" Nusaiba aliinua mkono.

Kigelegele kikafia njiani. Mvua ikasikika juu ya bati.

"Dada, nakushukuru umenisamehe. Lakini mimi sitaolewa na kosa la mkasi." Akavilaza vile vipande juu ya kaunta. "Nisije nikawa mke kwa sababu kitambaa kimeshakatika na hakuna la kufanya. Wiki tatu hukupokea simu yangu, Saad. Ulitaka niulize. Sawa, nilikosa. Na wewe, umeniuliza nini?"

Tabasamu la Saad likazimika. Stefania aliziba mdomo kwa kiganja. Saad alimtazama Nusaiba, kisha macho yakapanda juu ya kichwa chake, mpaka kwenye maandishi mekundu ukutani. Akayasoma kama aliyekuwa hajawahi kuyaona.

"Niliogopa," alisema. "Niliona aibu kusema, nikaipa kanga kazi yangu. Halafu kanga ikakatwa, nikakukasirikia wewe." Akafuta maji ya mvua usoni. "Nusaiba, laazizi. Kanga tuiweke kando. Nakuuliza mimi, kwa mdomo wangu. Utakubali nikuoe?"

Nusaiba aliivua futi shingoni, akainyoosha juu ya kaunta kama afanyavyo kwa kila mteja.

"Unataka kiasi gani, mteja?"

Saad aliitazama ile futi, akaelewa, macho yakamlowa.

"Jora zima," alisema. "Usikate."

Safari hii hakuna aliyemzuia Stefania. Nusaiba akachukua kipande kimoja cha kanga nyekundu, akajitanda mabegani, mishono yake mwenyewe ikimgusa shingo. Cha pili alikikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba wake.

"Hiki kinabaki," alimwambia Mwanaasha. "Aje akichukue mshenga, kwa baba yangu. Na umwambie, dada, baba naye ana maswali."