Fyuzi ya Karatasi

Kila jioni Gorret alipotoka shule alivua sare, akala muhogo na maharage aliyowekewa, kisha akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha mama yake mdogo, Marie-Louise. Kibanda hicho kilikuwa Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani. Humo Marie-Louise alitengeneza redio, taa za sola na betri. Alikuwa ametoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi iliyopita, na mpaka leo alisema Kiswahili cha kwao.

Gorret alifagia, akapanga skrubu makoponi, kisha akakaa kutazama kazi. Kifaa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mita ya kupimia umeme. Ilikuwa ya manjano, inaenea kiganjani, ina kioo cha tarakimu na nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Marie-Louise aliinunua Kasese, dukani kwa Haji Muhamood. Alimpa Gorret sharti moja tu: asiiguse akiwa peke yake.

Jumamosi moja Marie-Louise aliitwa na jirani, akamwacha Gorret alinde kibanda. Mezani palikuwa na betri kubwa ya sola, na mita ilikuwa kando yake. Gorret alitaka kuipima betri mara moja tu. Alichomeka waya mwekundu kwenye tundu lisilo lake, lile la kupimia mkondo, akazigusisha nyaya na betri. Ndani ya mita kitu kikalia, tik.

Gorret alichukua bisibisi akaifungua mita, nyaya zikiwa bado zimechomekwa. Ndani aliona fyuzi, kichupa chembamba cha kioo chenye uzi wa chuma katikati, unaokatika umeme unapozidi. Uzi ule ulikuwa umekatika. Gorret aliwahi kumwona mtu akiizungushia fyuzi ya redio karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na redio ikaimba. Naye akafanya vivyo hivyo, akaifunga mita na kuirudisha mahali pake.

"Kulikuwa na shida yoyote?" Marie-Louise aliuliza aliporudi.

"Hapana, mama mdogo."

Wiki iliyofuata Marie-Louise alirudi kutoka kazini akiwa amefungwa bendeji mkono wa kulia.

"Mita imewaka mkononi mwangu," alisema. "Nilikuwa napima betri za zahanati. Nilisahau kuhamisha waya mwekundu kutoka tundu la mkondo, hilo ni kosa langu. Lakini fyuzi ilipaswa kukatika, mambo yaishie hapo. Yule Haji ameniuzia kitu kibovu. Kesho utanisindikiza Kasese, mkono huu hauwezi kubeba hata mfuko."

Jioni ile Gorret alimenya matoke peke yake, akamwagia mama mdogo maji ya kunawa, akamfunga kitambaa cha kichwa kwa sababu vidole vyake havikuweza kukaza fundo. Kila alipoiona ile bendeji aligeuza uso.

"Asante, mutoto wangu," Marie-Louise alimwambia. "Bila wewe ningefanya nini?"

Maneno hayo yalimchoma Gorret kuliko matusi.

Asubuhi walipofika dukani, Haji Muhamood alikuwa akihudumia wateja. Miongoni mwao alikuwamo mzee Ezironi, mkulima wa Munkunyu, aliyekuwa ameshika mita kama ile ile akitaka kuinunua. Marie-Louise aliweka yake kaunta, akaeleza yaliyompata.

"Pole sana, mama," Haji alisema. "Tuifungue tuone."

Aliizungusha swichi mpaka kwenye alama ya kuzima. Alichomoa nyaya zote mbili. Kisha akalegeza skrubu moja moja na kuziweka ndani ya kifuniko cha chupa, akainua mgongo wa mita na kutoa betri yake. Hapo ndipo karatasi iliyoungua ilipodondoka juu ya kaunta.

"Jamani," Marie-Louise alisema polepole. "Haji, unawauzia watu karatasi badala ya fyuzi?"

"Mama, niliiuza ikiwa mpya. Sijui karatasi hii imetoka wapi."

"Basi ilijiweka yenyewe?"

Wateja walitazamana. Mzee Ezironi alirudisha mita yake kwenye rafu, akatoka nje. Haji aliendelea kuiangalia ile karatasi, kisha akautazama mlango aliopitia mzee.

"Ni mimi," Gorret alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Marie-Louise akamgeukia. "Umesema nini?"

"Ni mimi niliyeweka karatasi. Niliipima betri ulipokuwa hupo, fyuzi ikakatika. Haji hana kosa."

Gorret alitamani sakafu ipasuke immeze. Marie-Louise hakumpiga wala hakufoka. Alimtazama tu, kisha akautazama mkono wake wenye bendeji. Alimgeukia Haji.

"Nimekuvunjia heshima mbele ya watu," alisema. "Nisamehe."

"Hawa waliopo wamesikia," Haji alijibu. "Yule aliyetoka ndiye hajasikia."

Gorret hakungoja kutumwa. Alitoka mbio, akamkuta mzee Ezironi akipanda bodaboda. Alipiga magoti hapo hapo barabarani, watu wakimtazama, akamweleza kila kitu huku machozi yakimtiririka. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashuka, akarudi naye dukani.

Haji alichunguza mita kwa ndani. Nyumba ya fyuzi ilikuwa imeungua pamoja na njia moja ya umeme. Aliziunganisha upya kwa risasi iliyoyeyushwa, akasukuma mita mbele ya Gorret.

"Fyuzi mpya hii hapa, ya kiwango kile kile kilichoandikwa ndani. Iweke wewe. Na siku nyingine, kabla ya kufungua kifaa, fanya nini?"

"Nizime. Nichomoe nyaya. Halafu nifungue na kutoa betri."

"Na usipojua?"

"Niulize."

Gorret alifuta mikono kwa sketi, akaiweka fyuzi, akarudisha betri na mgongo wa mita, akakaza skrubu zote. Haji alipoipima, tarakimu zilitokea sawasawa. Gorret hakuweza kufurahi.

Walipokuwa wakingoja gari la kurudi Bwera, ndipo Marie-Louise alipozungumza naye.

"Kuharibu fyuzi si jambo kubwa. Mimi ni fundi, na jana nilikosea tundu kama wewe. Fyuzi zinawekwa kwa sababu sisi sote tunakosea. Lakini wewe uliiondoa kinga yangu, ukaniacha niende kazini bila kujua. Nilikuuliza, ukasema hakuna shida."

"Niliogopa, mama mdogo. Baadaye nikaona aibu."

"Najua. Na leo umeona aibu mbele ya duka zima, lakini Haji amebaki na jina lake. Umefanya vizuri kusema, ingawa umechelewa." Marie-Louise aliushika mkono wake uliofungwa. "Gorret, mkono huu utapona. Nitakufundisha kazi hii, ukitaka. Lakini ukiharibu kitu changu, niambie kabla sijakishika."

"Nitakuambia," Gorret alisema, na safari hii hakugeuza uso.