Pete ya Enid

Walikutana kwa sababu ya samaki. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1965, soko la Leeds, Uingereza, limefurika akina mama na vikapu vyao, pale Glenys Sugden aliposimama mbele ya meza ya Clifford Ogden. Alivaa koti la kijani na sketi fupi ya kununisha wazee. Akaanza kuwaminya samaki mmoja mmoja.

"Dada, huyo ameshakufa, usimsumbue," Clifford alisema.

"Kafa lini? Mwaka jana?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Clifford akampenda papo hapo. Miezi minane baadaye walikuwa hawaachani: sinema, dansi, chipsi zilizolowa siki. Jambo moja tu Glenys alilikwepa. Clifford akigusia ndoa, yeye alianza habari za hali ya hewa. Mama yake alizaa watoto tisa na hakuwahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Glenys alishona suti kiwandani na alitaka siku moja awe msimamizi. Alimtaka Clifford kwa moyo wote, ila maisha ya mama yake hakuyataka hata kidogo.

Ndipo dada yake, Enid, akamnong'oneza habari za kliniki ya uzazi wa mpango. Tatizo ni kwamba pale hawakumhudumia mwanamke asiyeolewa.

"Vaa pete yangu ya ndoa," Enid alisema. "Unadhani utakuwa wa kwanza kuazima?"

Jumatatu Glenys akaivaa, akaenda, akatoka na vidonge mkobani. Furaha ikamsahaulisha. Akanyoosha moja kwa moja hadi sokoni, akavua glovu ili achague samaki.

Clifford akaiona pete.

"Huyo shilingi tatu," alisema taratibu, "Bibi... nani vile?"

"Cliff, ngoja nikueleze."

"Mumeo anapenda wa kukaanga au wa kuchemsha?"

Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Habari za vidonge angezisemaje mbele ya akina mama ishirini? Glenys akaondoka, mashavu yakimwaka moto.

Jioni, manyunyu yakianguka, aliingia kwenye kibanda cha simu cha mtaani kwao, akapiga simu kwenye nyumba aliyopanga Clifford.

"Hayupo," alisema mama mwenye nyumba. "Yaani yupo, ila kaniambia niseme hayupo."

"Mama, nakuomba. Nikimkosa leo nimemkosa kabisa."

Zikasikika hatua nzito, kisha sauti ya Clifford. "Haya, sema, mke wa mtu."

"Pete ni ya Enid, mjinga wewe! Niliiazima niende kliniki. Bila pete hupewi vidonge."

"Vidonge gani?"

"Vya kunizuia kuzaa mpaka nitakapotaka. Nakupenda, Cliff, lakini tisa siwezi. Naogopa. Na waliponiuliza jina la mume, nikasema..."

Sarafu zikaisha, simu ikakatika.

Hakuwa na nyingine. Alibaki na mkono wa simu, akijua vizuri jina baya ambalo wanaume wengi wangempa kwa maneno hayo. Alikuwa bado kasimama pale Clifford alipotokea akikimbia, sweta kalivaa ndani nje, miguuni ana ndara za chumbani.

"Ulisema jina gani?" aliuliza akihema.

"Ogden. Clifford Ogden, muuza samaki. Hata kazi waliuliza."

Clifford akaegemea mlango wa kibanda, akashusha pumzi ndefu. "Mimi kwetu ni wa saba. Tulilala watatu kitanda kimoja, miguu ya kaka yangu mdomoni mwangu. Nani kakwambia nataka tisa?"

"Hukuwahi kusema."

"Na wewe hukuwahi kuniuliza!"

Glenys akalia, machozi ya mtu aliyetua mzigo.

"Mrudishie Enid pete yake," Clifford alisema. "Jumatano soko linafungwa mchana, twende tukanunue ya kwako. Utanikubali?"

"Na watoto?"

"Siku utakayosema wewe."

"Nisiposema kabisa?"

Clifford akakuna kichwa. "Basi tutafuga paka. Samaki hatakosa."

Glenys akacheka huku machozi yakimtoka, akaivua pete ya Enid, akaitia mkobani. "Ndiyo," alisema. "Nimekubali."