Makaa Ndani ya Jiko la Vijiti

Kiongozi wa wapanda mlima alikutwa asubuhi amekufa hemani mwake, midomo ikiwa na wekundu usio wa maiti. Kando ya kichwa chake lilisimama jiko lake la safari: vibati vyembamba vinavyokunjwa kama bahasha, vyepesi kuliko kikombe cha udongo. Jiko hilo halichagui. Ukilitia vijiti linawaka, ukilitia spiriti linawaka.

"Uzembe," alisema mkuu wa kambi, kaka wa mke wa marehemu. "Baridi ilimzidi, akaingiza moto ndani. Nilimwonya shemeji yangu, lakini sikio la kufa halisikii dawa."

Inspekta wa polisi alikuwa ameshavaa glovu. Askari wake walimwita Pilipili, akiwa hayupo. Alizunguka hema, akachuchumaa kwenye tundu la hewa, akachomoa taulo.

Alipofika kituoni alikuta jalada limeshaandikwa "ajali".

"Nani kaandika?"

"Mimi, afande," alijibu koplo. "Ilionekana wazi."

"Kwa macho ya nani? Futa!"

Mjane aliingia bila kubisha. "Mume wangu amezeeka akiwafundisha watu wasiwashe moto hemani! Leo mnasema amekufa kwa ujinga wake? Mnamuua mara ya pili!"

"Kaa, dada."

"Sikai!"

Inspekta hakumlazimisha. Yeye mwenyewe damu ilikuwa ikimchemka.

Mchana majibu yalikuja. Daktari alikuta kwenye damu ya marehemu gesi ya sumu itokanayo na moto, ile isiyo na harufu. Maabara nayo ilisema mabaki ndani ya jiko si ya vijiti. Ni ya makaa.

Inspekta alimwita mkuu wa kambi uani. Akaweka jiko chini, na fungu la vijiti vikavu.

"Ulisema ulimwona akiliwasha?"

"Nilimwona. Kwa vijiti, kama kawaida yake. Kisha akafunga zipu, akalala."

"Liwashe."

Mkuu wa kambi alipanga vijiti, akapiga kiberiti. Moto ukapanda vizuri.

"Sasa nisimulie upya, toka chakula cha jioni. Usiongeze kuni."

Alianza kusimulia. Hata hajafika kwenye zipu, moto ulishuka, ukafuka moshi, ukazima.

"Jiko hili ni kama mtoto mchanga," alisema Inspekta. "Lazima ulilishe kila mara. Mtu aliyelala alililishaje?"

"Labda aliamka..."

"Tumekuta makaa humo. Mkoba wake hauna hata punje ya makaa. Nani alikuwa na makaa kambini?"

Mkuu wa kambi alichokoa majivu kwa kijiti.

"Nimekuuliza!"

"Yapo jikoni kwangu."

"Na matundu ya hewa yalizibwa kwa taulo, kutokea nje. Marehemu alitoka, akaziba, akarudi kulala afe? Usinifanye mtoto! Taulo ni za jikoni kwako. Na alama za vidole tulizochukua kwenye jiko asubuhi ni zako."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka?"

Mkuu wa kambi alimtazama dadake, mabega yakamwanguka.

"Alitaka kwenda polisi kusema habari za yule mpagazi wetu aliyekufa."

"Aliyeteleza?" aliuliza mjane.

"Hakuteleza. Pumzi zilimwishia mlimani. Wageni walitaka kilele, nami sikutaka kuwarudisha. Nikamwacha mwambani, nikasema tutampitia tukishuka. Mumeo alikuwa mbele na wageni, hakujua. Tulipomkuta alikuwa ameshakakamaa. Nikamwomba mumeo anyamaze. Akasema hawezi kula chakula juu ya maiti."

"Ukafanyaje?" aliuliza Inspekta.

"Nilisubiri usingizi umzidi. Nikajaza jiko lake makaa yaliyoiva, nikaliingiza polepole, nikaziba matundu. Nilijua watasema ajali."

Kofi la mjane lilisikika hadi barabarani. Koplo aliruka kumshika. Inspekta akamzuia kwa mkono. La pili lilipoinuka, ndipo akasema, "Basi, dada. Limetosha."

"Halijatosha! Na mama wa mpagazi? Ulimwambia nini siku ya maziko?"

Mkuu wa kambi aliinamisha kichwa. "Kwamba mwanawe hakutazama anapokanyaga."

"Na akakushukuru kwa kumletea maiti," alisema mjane. "Nilikuwepo. Alikushika mikono yote miwili."

Inspekta mwenyewe alimfunga mkuu wa kambi pingu, akazibana hadi jamaa akaguna.

"Koplo, fungua jalada la pili, la mpagazi. Na gari liwe tayari. Yule mama atausikia ukweli leo, na atausikia kwangu."