Kituo cha Ng'ambo ya Kiwanja

Kila asubuhi Ernesta alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumenya ndizi za kupika. Ya pili ilikuwa kumsikiliza mume wake, Theonest, akikisifu kituo cha basi. Kazi ya pili ndiyo iliyomchosha.

"Nguzo zile nilizikata mwenyewe," Theonest alisema. "Ukiwa barabarani unakiona kituo kutoka mbali."

"Nimesikia, baba Jovina. Jana pia nilisikia. Kunywa uji uende shamba la kijiji."

Waliishi Murukiri, kijiji cha ujamaa karibu na Mbuba, wilayani Ngara. Walihamia hapo mwaka 1974, watu walipotakiwa kuacha vilima vyao na kukaa pamoja. Kando ya nyumba zao kulikuwa na kiwanja cha ndege. Usifikirie kiwanja kikubwa. Kilikuwa uwanda wa majani tu, ambao wanakijiji waliufyeka kwa zamu. Ndege ndogo ilikuja mara mojamoja, ikaleta dawa na kuchukua wagonjwa mahututi kwenda hospitali kubwa Mwanza. Ng'ambo ya kiwanja ilipita barabara ya kwenda Biharamulo.

Kiangazi cha mwaka 1978 kijiji kilikaa mkutano. Walitaka kituo ambapo basi na ndege vitakutana. Mgonjwa akirudi kwa ndege, apande basi hapohapo. Wazo lilikuwa zuri kabisa. Theonest, balozi wa nyumba kumi, akasimama.

"Tukijenge ng'ambo, barabarani," alisema. "Basi litasimama, litapakia, litaondoka. Na ndege iegeshwe hukohuko."

Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza wao wenyewe watafikaje huko. La kuuliza lilikuwa lipi? Wangekata katikati ya kiwanja, kama walivyofanya siku zote. Njia ya kuzunguka ilikuwapo, lakini ilikuwa ndefu, na nani alikuwa na muda nayo?

Kituo kikajengwa. Mwezi wa kumi vita vikazuka huko kaskazini, mpakani na Uganda. Mabasi yakachukuliwa kubeba askari. Pancras, mume wa Jovina, alikuwa mwanamgambo. Aliondokea kwenye kituo kile, juu ya lori, akiwapungia mkono hadi vumbi likamficha. Jovina akarudi kwa wazazi wake akiwa na mimba changa.

Jovina alikuwa binti pekee wa Ernesta. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa kupasuliwa, na mtoto hakupona. Bernadetha, muuguzi wa zahanati, alimwambia Ernesta bila kuficha.

"Mama Jovina, huyu asijaribu kuzaa nyumbani. Uchungu ukianza, nitaita ndege. Bila hospitali tutampoteza yeye na mtoto."

Tangu siku hiyo Ernesta alilala roho mkononi. Mabasi hayakuwapo. Ndege ndiyo ilikuwa tumaini lake lote.

Mwezi wa kwanza, jirani yao Nshoma aliugua. Yeye na mume wake Ndassa walikuwa Wasukuma, waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao. Tumbo lilimkaza Nshoma usiku kucha. Asubuhi hakujitambua tena. Bernadetha akaita ndege kwa redio ya upepo ya zahanati. Wanaume wakafunga machela.

Hapo kijijini wabebaji wa machela walikuwa na sheria yao. Mgonjwa habebwi kwa kuzungushwa. Anapelekwa moja kwa moja, tena mbiombio, na kila mwanamume anayekutana na machela anatoa bega. Basi waliposikia mngurumo wa ndege, waliinua machela na kuingia kiwanjani, wakielekea kituoni ng'ambo. Theonest alikuwa bega la mbele. Ndassa alikuwa nyuma yake.

Walikuwa katikati ndege ilipotokea, imeshuka chini sana. Wakasimama. Theonest akavua shati, akalipunga juu. Na wengine wakavua mashati. Walitaka rubani aone kwamba mgonjwa yuko hapa, amekwisha kuletwa. Ernesta, aliyekuwa akifuata nyuma, alivua kitenge na kupunga pia.

Ndege ikapanda juu. Ikazunguka, ikashuka tena. Wao wakazidi kupunga. Ikazunguka mara nyingine. Kisha mawingu mazito yakatanda upande wa Rulenge, ndege ikageuka, ikaenda zake.

Walimbeba Nshoma kwa miguu kwenda hospitali ya Rulenge. Alifariki njiani, kabla hawajauona mnara wa kanisa.

Siku ya tatu ya matanga Bernadetha alikuja, akakaa chini na wanawake. Alikuwa amezungumza na rubani kwa redio.

"Anasema aliona watu katikati ya kiwanja," alisema polepole. "Alizunguka akingoja waondoke. Hawakuondoka. Angeshuka, angewaua."

Ernesta alikumbuka kitenge chake mkononi. Usiku alimwambia mume wake.

"Ni sisi tuliomfukuza."

Tangu siku hiyo Theonest hakukitaja kituo tena. Alikunywa uji wake kimya, akatoka. Ernesta aliona afadhali angekisifu.

Mwezi wa tatu mwenyekiti wa kijiji alimleta Bwana Idefonsi, afisa wa mipango kutoka wilayani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vilivyochoka. Theonest akataka kumpeleka kituoni.

"Shikamoo, mzee. Kituo nitakiona baadaye," Idefonsi alisema. "Kwanza naomba kigoda."

Akaketi kando ya kiwanja asubuhi nzima, akitazama watu. Wanawake walikatisha na kuni. Watoto wa shule wakakatisha. Mbuzi nao wakakatisha. Hata mwenyekiti alikatisha, akienda kutafuta tumbaku. Jioni Idefonsi aliongea na mkutano.

"Ndugu zangu, kituo si nguzo na bati. Kituo ni njia ambazo watu hupita kufika hapo. Nyinyi mmeweka ndege katikati ya nyumba zenu na basi lenu. Leo sikumwona hata mtu mmoja akizunguka."

"Tuwapige faini," alisema mwenyekiti.

"Mwenyekiti, faini ya kwanza utalipa wewe." Watu walicheka. "Watu hawapendi kuzunguka. Mimi pia sipendi. Kwa hiyo anayezunguka na awe basi, maana lenyewe lina magurudumu. Kituo kiletwe upande huu wa nyumba. Ndege nayo iegeshwe upande huu. Asiwepo mtu mwenye haja ya kukatisha."

Akawaeleza mengine. Barabara mpya ya basi ipinde mbali na ncha ya kiwanja, kwa sababu pale ndege hupita chini. Kwenye ncha zote mbili pasijengwe nyumba wala kupandwa miti. Ua wa minyaa upandwe kwa urefu wote wa kiwanja, wenye lango moja. Langoni akae mtu mwenye bendera nyekundu. Bendera ikiwa juu, hapiti mtu wala mbuzi.

"Na hiyo barabara ya basi itapita wapi?" akauliza mtu.

Idefonsi alionyesha kwa kidole. Wote wakageuka. Ilikuwa migomba ya Theonest, ile aliyoihamishia pale mwaka 1974 akiibeba kichwani. Sasa ilikuwa imejaa mikungu.

Theonest alitazama chini. Ernesta alimsubiri aseme. Mwishowe akasimama mwenyewe.

"Jovina wangu atajifungua mwezi wa sita," alisema. "Kituo kikibaki kule, mtambeba kupita wapi? Niambieni. Mtapita palepale mlipompitisha Nshoma?"

Ndassa alikuwa amekaa nyuma ya watu wote. Hakuinua kichwa.

Ndipo Theonest aliposimama. "Mahali pa kituo nilipachagua mimi," alisema. "Na siku ile nilikuwa bega la mbele. Ndassa, ndugu yangu, nisamehe." Akaketi.

Kulipokucha Ernesta alisikia panga likilia shambani. Theonest alikuwa akikata migomba yake, mmoja baada ya mwingine, na mikungu michanga ikianguka. Alikuwa akilia. Ernesta hakumbembeleza. Alichukua panga la pili, akaanza kukata upande wake.

Kijiji kizima kilifanya kazi hiyo. Nguzo zilihamishwa. Benchi la wagonjwa likatengenezwa, na paa la kuwakinga na mvua. Bernadetha akafundisha watu kila Jumapili baada ya sala: machela ikifika, ikae chini ya paa, ingoje. Walipotafuta mtu wa kushika bendera, Ndassa alisema neno moja tu.

"Mimi."

Uchungu wa Jovina ulianza alfajiri, mwezi wa sita. Bernadetha akaita ndege kwa redio. Machela ikafika kituoni, ikatuliwa chini ya paa. Jovina alikuwa akiuma kanga ili asipige kelele. Ndassa alikwisha kutazama kiwanja chote, akafukuza mbwa mmoja, akapandisha bendera.

Ndege ikatua. Ernesta aliiona ikija kwa kasi juu ya majani, na moyo wake ukaruka. Akakimbilia lango. Wabebaji wakainua machela. Ndassa akaweka mti wa bendera mbele yao.

"Bado, mama."

"Ndassa, mwanangu anakufa."

"Najua. Bado. Propela linazunguka."

"Una moyo gani wewe?"

Ndassa alishikilia mti wa bendera palepale. Ernesta alimtazama, akakumbuka huyu ni nani. Akarudi nyuma, akamshika Jovina kichwa, akangoja. Hakuwa amewahi kungoja vile maishani mwake.

Propela lilisimama. Rubani akafungua mlango, akawaita kwa mkono. Ndassa akashusha bendera, akafungua lango. Kisha akamwondoa kijana wa mbele, akatoa bega lake mwenyewe.

Vita vilikuwa vimekwisha na mabasi yalikuwa yameanza kurudi barabarani Jovina aliporejea. Basi lilipinda mbali na ncha ya kiwanja, likapita mahali palipokuwa na migomba, likasimama mlangoni pa kijiji. Jovina alishuka taratibu. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike.

Theonest alinyoosha mikono ampokee mjukuu. Lakini Ernesta alimfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akampita mume wake, akaenda naye hadi langoni.

"Mshike, Ndassa," alisema. "Wewe kwanza."

Ndassa aliegemeza bendera kwenye ua. Akafuta mikono kwenye shati lake, mara mbili, akampokea.