Hodi ya Tatu

"Kwa nini mlango wa stoo una komeo upande wetu?"

Ni binti aliyeuliza. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la kuni, anapuliza, na moshi unamrudia machoni. Kaka alikuwa anazunguka sebuleni akitafuta mtandao, simu kainyanyua juu kama anayeionyesha dari. Mama alikuwa anashona kifungo cha shati la baba. Swali likabaki limening'inia hewani kama nguo isiyo na mwenyewe.

Nyumbani walimwita Wakili. Jina la utani, tangu aanze kushinda midahalo ya chuo. Kule akisimama, ukumbi mzima hutega sikio. Kwao akifungua mdomo, kuna atakayekumbuka kuni.

"Mtu anayeficha vitu vyake huweka kufuli," aliendelea. "Komeo hili sisi tunaweza kulifungua muda wowote. Asiyeweza ni aliye ndani."

"Mheshimiwa," kaka alisema, macho kwenye simu, "panya nao hawajui kufungua komeo. Kesi imeahirishwa."

"Kalete kuni," baba alisema.

Si ndiyo hivyo.

Safari ilikuwa ya baba. Yeye ni fundi majokofu, mama ni fundi cherehani, na mwaka mzima familia ilikuwa inapishana mlangoni kama wapangaji. Basi akakodi kibanda cha mbao ndani kabisa ya msitu, eti wakapumue. Maji ya bomba yalikuwa na rangi ya chai. Jiko lilitoa moshi kila mahali isipokuwa kwenye bomba lake. Kulalamika kulikuwa marufuku, kwa sababu aliyechagua ni baba, na baba hakosei, huwa anasingiziwa.

Wakili akatoka. Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti. Lundo la kuni lilikuwa nyuma ya nyumba, limeegemea ukuta wa ile stoo. Akautazama vizuri. Hakuna dirisha. Hakuna mlango wa nje. Mbao zimepigiliwa juu ya mbao, misumari juu ya misumari, kama kazi ya mtu aliyekuwa na haraka.

Akaweka kiganja ukutani.

Upande wa pili, kitu kikakwaruza. Taratibu. Palepale penye kiganja.

Akakisogeza kushoto.

Kikamfuata.

Ndipo alipogundua kwamba ndege walikuwa wamenyamaza. Na kulikuwa na harufu... ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi. Alirudi ndani mbio, na vijiti viwili vitatu mkononi.

"Baba, mle ndani kuna mtu."

"Hizi ndizo kuni?"

"Baba, nakwambia..."

"Nakuuliza, hizi ndizo kuni?"

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ya chini, yenye adabu, iliyochoka.

Ilitoka stoo.

Hapa lazima umjue mama. Chumba chake cha kushonea kiko mbele ya nyumba yao, na tangu asubuhi ni wateja: hodi, karibu, hodi, karibu. Hodi haiachwi hewani, ndivyo alivyowalea. Hata homa ikiwa imemlaza, "karibu" yake hutoka kabla hajajua ni nani. Kwa hiyo kinywa chake kilikuwa tayari kimefunguka Wakili alipomshika mkono.

"Mama," akanong'ona. "Usiitikie. Nakuomba."

Mama akafunga mdomo. Akamtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza siku ile kukawa na mtu anayemsikiliza.

"We kijana, acha mchezo," baba akamwambia kaka.

Kaka alikuwa dirishani, upande mwingine kabisa wa sebule. Simu ilikuwa imeshuka. "Baba... si mimi."

"Hodi..."

"Ni upepo huo," baba alisema.

Hapo. Hapo hapo ndipo pangetosha kunyamaza. Lakini nani amewahi kumwona Wakili akiacha hoja mbovu ipite?

"Upepo haubishi hodi, baba! Kwanza, nje hakuna upepo. Pili, chumba hakina dirisha, ungeingilia wapi? Tatu..."

"Unanipandishia sauti mimi?"

"Napandisha kwa sababu nikishusha hamsikii!"

"Jamani, nyamazeni," kaka alisema, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Watu watatu wakawa wanasema pamoja, na hakuna wa kusikiliza. Sauti ya nyuma ya mlango ikawangoja. Iliwangoja kama mgeni aliyekuta wenyeji wanagombana, anayesubiri wapate nafasi.

"Hodi."

Miaka yote, ugomvi wa nyumba ile ulikuwa unakufa kwa njia moja: mama anawageuzia kisogo na kumkaribisha aliye mlangoni.

"Karibu," mama alisema.

Komeo halikucheza. Mlango haukufunguka. Moto jikoni ulilala, ukaamka. Harufu ile ya nguo mbichi ikakatiza sebuleni, kama mtu anayepita akitafuta pa kukaa... kisha ikakatika.

Mama aliinamia shati na kuendelea kushona. Sindano ikaingia kidoleni mwake hadi nusu.

Hakushtuka. Hakutoka damu.

"Mama," Wakili aliuliza polepole. "Subana yako iko wapi?"

Subana ni ile kofia ndogo ya chuma ya kukinga kidole. Mama hashoni bila subana. Dakika ile tu ilikuwa kidoleni.

Mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha mama akatabasamu. "Iko mahali pake."

Na kutoka stoo, chini kabisa, penye ufa wa mlango:

"Mwanangu... huku giza."

Wakili alilivuta komeo hadi kucha ikakatika. Ndani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kiti kimoja kilichoelekea mlangoni, na juu ya kiti, subana.

Ilikuwa bado na joto la kidole.

Baba aliiona. Kaka aliiona. Baba akakohoa, akasema mama yenu ameidondosha, kisha akaanza kufunga mizigo.

Mtunza nyumba, mzee mmoja, aliwafungulia geti la kutokea. Aliangalia kiti cha mbele cha gari, alipokaa yule mwanamke, akayahamisha macho haraka. Wakili akashuka kumpa funguo.

"Mliitikia," mzee yule alinong'ona.

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Hubisha kila magharibi. Hodi tatu. Asipoitikiwa huacha. Wageni wengi hudhani ni upepo."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza kwa nini hamkutuambia!"

"Tungewaambia, mngekuja?"

Wakili akaziweka funguo kiganjani mwake.

"Mama yako naye atabisha," mzee akaongeza, akiwa tayari anarudisha geti. "Akiipata njia ya kwenu. Muitikie ya tatu, si kabla. Na pawe kimya, mjue ni nani mnayemwitikia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. La mdogo je? Asiyelisikia huvunjika nini? Mbona hilo halina methali? Waliporudi nyumbani, Wakili alimweleza baba yake yote: sindano, subana, wateja wanaosimama mlangoni na hodi zao huku mwanamke wa kwenye cherehani hainui hata kichwa. Baba akajibu kwamba mama yenu amechoka. Kaka siku hizi hatanii mtu. Hulala na muziki masikioni.

Kisha magharibi moja, kutoka ndani ya kabati la nguo la mama, nyuma ya vitambaa...

"Hodi..."

Nyembamba, kama ya mtu aliyetembea mbali. Kwenye chumba cha kushonea, cherehani ikasimama. Siku nyingine hodi ikafika ya pili. Ya tatu bado.

Kwa hiyo kila magharibi Wakili hukaa ukingoni mwa kitanda, uso kabatini, subana ndani ya ngumi. Yeye, aliyekuwa hawezi kunyamaza. Juzi hodi ya pili ilikuwa ndiyo imetoka tu, jirani akaja kuazima pasi, akabisha mlango wa mbele: "Hodi!" Neno "karibu" likamfikia Wakili kwenye ulimi. Akaung'ata hadi damu.

Sebuleni, mwanamke yule alicheka kwa sauti ya mama.

Basi nakuomba. Ukifika kwao magharibi, usibishe hodi, isije ikaitikiwa kama ya tatu. Kaa nje, ungoje.