Plasta Juu ya Taa ya Onyo

Nilipoamka, blanketi lilikuwa limelala bapa mahali mguu wangu wa kulia ungekuwa. Nikapapasa... hakuna kitu! Nikapiga mayowe mpaka muuguzi akaja mbio.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja, shule niliachia darasa la nne. Natoa waru, viazi hivi, Kiirua, nauza soko la Gakoromone mjini Meru. Waru hizo ndizo zimelea watoto wangu. Na ni kazi ya kusimama!

Asubuhi niliyoumia tulikuwa tunapakia magunia huko Kiirua. Lori likarudi nyuma, likanibana goti kwa ukuta. Wenzangu wakanikimbiza kliniki iliyo karibu, ile ya Gitonga, tajiri mwenye hoteli pia.

Kliniki hiyo ilipofunguliwa, sisi wanawake wa soko tulikuwepo sote. Pasta aliombea kila mashine, kisha Gitonga akatuonyesha sanduku la network hapo mapokezi, lile la kutuma picha za eksirei kwa daktari wa mifupa aliye Embu. Akajigamba, "Ina pawasaplai mbili za kuipa stima, akina mama! Moja ikifa, nyingine inabeba. Hamtajua hata kama kuna kitu kimeharibika."

Tukampigia makofi. Makofi!

Basi nikapigwa picha. Kabla itumwe, sanduku likazima. Stima ilikuwepo, taa za nyumba zinawaka, lakini sanduku kimya.

Nikawasihi wanipeleke hospitali kubwa ya Meru. Gitonga akakataa, eti mgonjwa hatoki mpaka daktari wa Embu aone picha. "Mama Kendi, tulia, network inarudi saa hii."

Saa hii gani? Mguu ukawa baridi... ukaanza kugeuka rangi. Na yeye anakunywa chai na mandazi mbele yangu!

Jua likiwa linashuka ndio fundi Njeru akafika. Akachungulia nyuma ya sanduku, akauliza kwa sauti, "Hapa pa pawasaplai ya pili ni patupu. Iko wapi?"

Gitonga akamega andazi.

Njeru akaona plasta, hii ya kufunga vidonda, imebandikwa kwa sanduku. "Na nani amefunika taa ya onyo?"

Msichana wa mapokezi akaanza kulia. Akasema Gitonga mwenyewe ndiye alimwambia abandike, kwa sababu ile taa ilikuwa inawaka-waka na wagonjwa wanauliza maswali. Pawasaplai yenyewe Gitonga aliing'oa akapeleka hoteli yake kule Embu, ya huko ilipoungua, ndio wageni wasikose intaneti.

Yaani mguu wangu uliwekwa kwa mizani na mgeni wa hoteli anayetazama mpira kwa simu, ukaonekana mwepesi!

"Si ni kachuma kadogo tu," Gitonga akasema, akacheka.

Nikatapika hapo hapo. Haikuwa maumivu... ni kile kicheko.

Usiku huo wenzangu wakanifikisha Meru, mguu ukakatwa. Daktari wa huko aliniambia kama ningefika mapema, mguu ungepona.

Wenzangu, ukiambiwa ziko mbili, uonyeshwe zote mbili. Ukiona taa ya onyo imefunikwa, toka, hata kama ni kwa kutambaa! Usikubali kungojeshwa kama mimi.

Na wewe Gitonga, nasikia hoteli imejaa. Siku hizi nauza waru nikiwa nimekaa kwa kreti. Njoo Gakoromone, usimame mbele ya wanawake waliokupigia makofi, utuambie ni nani atajibu kwa huu mguu. Mimi siwezi kupanda ngazi za hoteli yako.

Wewe njoo. Wewe bado uko nayo miwili.